Namna ya Kuchagua Kitanda Salama cha Mtoto Mchanga

Kati ya vifaa vyote vinavyonunuliwa kwa ajili ya mtoto mchanga, kitanda ndicho ambacho mtoto huachwa ndani yake peke yake kwa makusudi, tena gizani, tena kwa saa nyingi. Beseni la kuogea, kiti cha kulishia na kigari cha kusukuma hutumika mtu mzima akiwa karibu anatazama. Kitanda hufanya kazi yake hasa wakati mzazi mwenyewe amelala. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza la kuuliza si kama kitanda kinapendeza au kinaoana na rangi ya chumba, bali ni kama kitamlinda mtoto pale ambapo hakuna jicho linalomwona. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mfuatano ambao mzazi anaweza kuufuata akiwa na futikamba mkononi, tangu kabla ya kununua hadi siku mtoto atakapokihama kitanda hicho.

Hatua ya 1: Chagua mahali kabla ya kuchagua kitanda

Wazazi wengi huandaa chumba cha mtoto kwanza, ilhali katika miezi ya mwanzo mtoto hapaswi kulala humo peke yake. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto alale katika chumba cha wazazi, juu ya kitanda chake mwenyewe, kwa angalau miezi 6 ya kwanza. Pima basi nafasi iliyopo kando ya kitanda chenu, kisha upime na chumba atakachohamia baadaye. Usisahau upana wa milango, kwa kuwa kitanda kilichokwisha kuunganishwa mara nyingi hakipiti mlangoni, na kukilazimisha kipite kwa kukiinamisha na kukivuta hulegeza viungo vyake.

Mahali panapofaa ni mbali na dirisha, mbali na kamba za mapazia, nyaya za umeme, taa za ukutani na rafu zenye vitu vinavyoweza kuanguka. Acha umbali wa takriban mita 1 kati ya kitanda na kamba au waya wowote, ukikumbuka kwamba mkono wa mtoto anayesimama hufika mbali kuliko mzazi anavyodhani. Kamba ya pazia inayoning'inia ni hatari kubwa, kwa sababu mtoto akiivuta inaweza kumzunguka shingoni bila yeye kutoa sauti yoyote. Waya wa kamera au wa kifaa cha kusikilizia sauti ya mtoto uhesabiwe vivyo hivyo, ingawa umewekwa pale kwa ajili ya usalama wake.

Kwa vipimo vya jumla, kitanda kamili cha mtoto kinachouzwa Marekani huwa na nafasi ya ndani ya takriban sentimita 71 kwa 133, na magodoro yanayotumika sana Ulaya ni ya sentimita 60 kwa 120 au 70 kwa 140. Ongeza juu ya hapo nafasi ya mtu mzima kusimama kwa raha ubavuni. Mzazi atainama mahali hapo mara nyingi usiku, pengine akiwa bado anauguza kidonda cha upasuaji, na nafasi finyu itamchosha mgongo.

Hatua ya 2: Amua aina

Kikapu au kitanda kidogo cha kuweka kando ya wazazi hufaa kwa miezi michache tu, kwani mtoto akianza kujigeuza au kujiinua kwa mikono hakimtoshi tena kwa usalama. Kitanda cha safari kinachokunjwa kinaweza kutumika kila siku, mradi kitumike na godoro lililokuja nacho pekee. Kukiongezea godoro la pili ili mtoto alale laini ni kosa linalofanywa kwa upendo, lakini matokeo yake ni mabaya: godoro hilo huacha mwanya kati yake na kuta za kitambaa, na mtoto anaweza kuteleza humo uso ukabanwa. Kitanda kamili cha mbao au chuma, chenye godoro linaloweza kushushwa ngazi kwa ngazi, ndicho kinachodumu hadi mtoto avuke mwaka na zaidi. Kama fedha zinatosha kununua kimoja tu, ningeshauri hicho, kwa maana mtoto mchanga anaweza kulala ndani yake tangu siku anayozaliwa.

Hatua ya 3: Pima mianya yote

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na hapa ndipo mnunuzi anapaswa kukaa muda mrefu kuliko penginepo. Ajali nyingi za vitanda vya watoto hutokana na nafasi ambayo kiwiliwili kinapita na kichwa hakipiti. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili wake; miguu na nyonga zikipenya katikati ya fito, mwili wote huteleza kwa uzito wake hadi shingo inapokwama, na mtoto hana nguvu wala akili ya kujirudisha ndani.

Kanuni za Marekani zinataka nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Kanuni za Ulaya huiweka kati ya sentimita 4.5 na 6.5, yaani zinakataza pia nafasi iliyo nyembamba kupita kiasi, ambamo mkono au mguu unaweza kunasa. Kama huna futikamba, tumia kopo la kawaida la soda: likipita katikati ya fito mbili, nafasi hiyo ni kubwa mno na kitanda hicho kiachwe. Usipime sehemu moja ukaridhika. Pita ubavu mmoja hadi mwingine, kisha ukamate kila ufito kwa mkono, uuzungushe na uusukume upande, kwa sababu ufito uliolegea hutoa kipimo kizuri ukiwa umetulia, lakini hupanuka mtoto anapoegemea. Ufito mmoja uliovunjika au unaokosekana unatosha kukikataa kitanda kizima.

Baada ya fito, tazama ubao wa kichwani na wa miguuni. Mapambo ya kukatwa kama nyota, mwezi au moyo huvutia sana, lakini tundu linaloweza kupokea kichwa, mkono au shingo ya mtoto halina nafasi katika kitanda chake. Nguzo za kona nazo zinatakiwa ziwe sawa na ukingo wa ubao. Kanuni za Marekani haziruhusu zichomoze zaidi ya milimita 1.5, isipokuwa zile ndefu sana za kushikilia pazia la juu. Sababu yake ni nguo: ukosi au kamba ya shati la mtoto aliyesimama inaweza kunasa kwenye kichwa cha nguzo, na anapochuchumaa ananing'inia.

Mwisho, inua godoro utazame chaga. Ziwe zimekaribiana, ziwe zimefungwa kwa skrubu au bolti na si kuwekwa tu juu ya mbao, na zisiyumbe ukizikandamiza kwa viganja viwili kwa nguvu. Chaga inayochomoka upande mmoja huinamisha godoro na kufungua pembeni mwanya ambao mzazi hakuwahi kuuona wakati wa kununua.

Hatua ya 4: Kagua kuta na viungo

Kitanda cha ubavu unaoshuka, ambao mzazi huutelezesha chini ili kumchukua mtoto kwa urahisi, kilipendwa sana kwa miaka mingi. Baadaye ilionekana kwamba vifungo vyake huchakaa au kuvunjika, ubavu ukachomoka kona moja, na mtoto akabanwa kati ya ubavu na godoro. Nchini Marekani vifo visivyopungua 32 tangu mwaka 2000 vilihusishwa na mbavu hizo, na tangu Juni 28, 2011 vitanda vya namna hiyo haviruhusiwi kutengenezwa wala kuuzwa huko. Bado vipo majumbani na katika masoko ya vitu vilivyotumika. Ukikutana na kimoja, hata kiwe kizima na cha bei ya chini, kipite.

Kuta zote 4 basi ziwe zimesimama imara. Shika ukingo wa juu utikise kitanda mbele na nyuma kwa nguvu ambayo mtoto wa mwaka mmoja angetumia akiwa na hasira. Kikilia au kikiyumba dukani, nyumbani kitazidi. Kina nacho kipimwe: kati ya chaga zikiwa ngazi ya chini kabisa na ukingo wa juu pawe na angalau sentimita 60, nami ningependelea 66 ambazo kanuni za Marekani zinazitaka. Tazama pia kama kuna ubao uliopita kwa mlalo katikati ya fito, kwani mtoto atauona kuwa ni ngazi ya kupandia. Kitanda chenye magurudumu kiwe na kufuli za kuyazuia, na kufuli hizo zifungwe kila wakati.

Hatua ya 5: Chagua godoro gumu linalojaa kitanda

Godoro la mtoto mchanga linatakiwa liwe gumu kuliko mtu mzima anavyopenda. Bonyeza kwa kiganja katikati na pembeni, kisha ondoa mkono upesi: likirudi mara moja lilivyokuwa, linafaa, likibaki na alama ya kiganja, halifai, kwa kuwa litashika pia alama ya uso wa mtoto anapogeuka kifudifudi, na hewa anayoivuta itakuwa ile ile aliyoitoa. Godoro la sponji laini linalofuata umbo la mwili, ambalo watu wazima husifu kwa kupumzisha mgongo, liwekwe mbali na mtoto.

Liweke ndani ya kitanda kabla ya kulipia, maana vipimo vilivyoandikwa kwenye lebo hutofautiana kidogo na hali halisi. Lisukume hadi kona moja, kisha ujaribu kuingiza vidole viwili kati ya godoro na ukuta wa upande wa pili. Vikiingia vyote viwili na nafasi ikabaki, godoro ni dogo. Kipimo kinachotumika Ulaya ni kwamba mwanya huo usizidi sentimita 3. Unene usizidi sentimita 15, kwa sababu kila sentimita inayoongezwa chini ya mtoto ni sentimita inayopungua kwenye ukuta unaomzuia asianguke. Kifuniko kisichopenya maji kinasaidia, mradi kiwe kimebana godoro. Mfuko wa plastiki uliokuja na godoro utupwe siku hiyo hiyo na usigeuzwe kuwa kifuniko.

Hatua ya 6: Mbao, rangi na kingo

Meno yakianza kuota, mtoto ataguguna ukingo wa juu wa kitanda. Kinachopakwa hapo kitaingia tumboni mwake. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na Marekani iliipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978. Uliza kwa maneno yaliyo wazi kama rangi au vanishi iliyotumika haina risasi na kama inafaa kwa vifaa vya watoto. Kitanda kipya chenye harufu kali ya vanishi kiachwe mahali penye hewa hadi harufu iishe kabisa kabla mtoto hajalazwa. Kitanda cha zamani ambacho rangi yake inabanduka kisipigwe msasa nyumbani kwa nia ya kukipaka upya, kwani msasa hugeuza risasi kuwa vumbi ambalo nyumba nzima italivuta.

Ili kugundua vibanzi, pitisha soksi nyepesi ya nailoni au kitambaa cha hariri juu ya kila ufito na chini ya ukingo. Kitanasa penye kibanzi ambacho kidole hakikuhisi. Pinda mkono ndani ya kona na chini ya chaga pia, ambako mafundi huona hakuna haja ya kulainisha.

Hatua ya 7: Ukiagiza kwa seremala

Kitanda cha kuchongwa kinaweza kuwa imara kuliko vingi vya dukani, lakini fundi mzuri wa meza na makabati si lazima awe anajua vipimo vya kitanda cha mtoto. Mwandikie karatasi: nafasi ya fito kati ya sentimita 4.5 na 6, kina cha ndani sentimita 66, nguzo zisizochomoza, kingo zilizoviringishwa, chaga zilizofungwa kwa bolti zenye ngazi mbili au tatu za kushushia, na ubao wa kichwani usio na matundu. Nunua godoro kwanza umpelekee alipime, kwa maana ni rahisi zaidi kuchonga kitanda kufuata godoro kuliko kutafuta godoro litakalojaa kitanda cha vipimo visivyo vya kawaida. Mwombe atumie mbao zilizokauka vizuri. Mbao mbichi husinyaa baada ya miezi michache, na fito zilizokuwa zimebana kwenye matundu yake huanza kuzunguka.

Kagua kazi kabla haijapakwa rangi. Rangi hufunika nyufa, misumari iliyopindishwa na gundi iliyojazwa mahali pa kiungo.

Hatua ya 8: Ukipewa au ukinunua kilichotumika

Ni vigumu kukataa kitanda kilicholaza watoto wa ndugu, na si kila kitanda cha zamani ni kibovu. Hata hivyo kipewe mtihani ule ule wa hatua zilizotangulia bila kuonewa haya, pamoja na maswali matatu: kilitengenezwa lini, karatasi ya maelekezo iko wapi, na je, vifungo vyote ni vile vya asili? Kilichotengenezwa kabla ya 2011 ningekiacha. Kitanda kilichofunguliwa na kuunganishwa mara nyingi huwa na matundu ya skrubu yaliyopanuka. Ukiona skrubu inazunguka bila kukaza, au kiungo kimefungwa kwa waya, kamba au utepe wa gundi, hapo hakuna cha kurekebisha. Skrubu iliyopotea isibadilishwe na nyingine inayofanana nayo tu. Iombwe kwa mtengenezaji. Kama kitanda kina jina la kampuni na namba ya toleo, tafuta kwenye intaneti kama kimewahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro. Godoro lililotumika lina swali lake: kama limebonyea katikati au limeingia unyevu, nunua jipya hata kama kitanda umekikubali.

Hatua ya 9: Kuunganisha

Soma maelekezo yote kabla ya kufungua mfuko wa skrubu, uhesabu vipande, na uunganishe ndani ya chumba kitakamotumika. Kaza kila bolti kwa mkono kwanza, kitanda kikae sawa sakafuni juu ya matendegu yake yote 4, kisha ndipo ukaze kwa spana. Rudia kukagua baada ya wiki ya kwanza na kila mwezi, na kila mara kitanda kinapohamishwa. Karatasi ya maelekezo ihifadhiwe. Ibandike kwa bahasha chini ya chaga, ambapo haitapotea.

Hatua ya 10: Acha kitanda kitupu

Hatua hii huwapa wazazi shida kuliko zote, kwa sababu kitanda kitupu huonekana kana kwamba mtoto hakuandaliwa vizuri. Ukweli ni kinyume chake. Mtoto mchanga anahitaji godoro gumu, shuka moja iliyobana kona zote, na basi. Mto, blanketi zito, ngozi ya kondoo na wanasesere wa manyoya vyote vinaweza kumfunika pua, naye hajui kugeuza kichwa wala kuondoa kitu usoni. Mito ya kuzungushia kuta, inayouzwa ikiwa na shuka za rangi moja nayo, ilitengenezwa ili kuzuia mtoto asijigonge, lakini imesababisha watoto kukosa hewa na kunaswa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 iliipiga marufuku, pamoja na vitanda vya kulalia vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10.

Mtoto alazwe chali kila anapolazwa, usiku na mchana. Marekani ilianza kampeni ya kitaifa ya kuhimiza jambo hilo mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Hofu kwamba mtoto aliyelala chali atapaliwa akicheua inaeleweka, ila mtoto mwenye afya humeza au hukohoa, na njia yake ya hewa huwa juu ya njia ya chakula anapolala hivyo. Kama ni baridi, mvike nguo ya kulalia inayomfunika mwili mzima badala ya kumfunika blanketi. Penye mbu, chandarua kifungwe juu ya kitanda kiwe kimenyooka, na ncha zake zichomekwe chini ya godoro kwa kubana, ili mtoto asiweze kukivuta na kujizungushia.

Hatua ya 11: Shusha godoro kwa wakati, na ujue siku ya kuacha

Ngazi ya juu ya godoro ni ya mtoto asiyeweza kujiinua. Akianza kukaa au kujinyanyua kwa mikono na magoti, jambo ambalo huanza karibu na miezi 5 au 6, godoro lishushwe, na vitu vya kuning'inia juu ya kitanda viondolewe siku hiyo. Akianza kujivuta asimame, liwe ngazi ya chini kabisa. Usingoje aanze kuonyesha ujuzi mpya ndipo utafute spana. Watoto hujifunza usiku pia, na anguko la kwanza ndilo linalomshtua mzazi aliyefikiri ana wiki nzima mbele yake.

Mtoto akifikia urefu wa sentimita 89, au ukingo wa juu ukiwa usawa wa kifua chake anaposimama, au akijaribu kurusha mguu juu ya ukingo kabla ya kufikia urefu huo, muda wa kitanda hicho umekwisha, naye ahamie kitanda cha chini. Kitanda alichokihama, kama bado ni kizima, kifungwe pamoja na skrubu zake zote ndani ya mfuko mmoja na maelekezo yake. Kama kimevunjika ufito au kimelegea viungo, kikatwe vipande kabla ya kutupwa, ili mzazi mwingine asikiokote akamlaza mwanawe humo.